Moto Kiasi Gani? Joto la Kiyeyushi na Mafuta Mazito ya Alberta

Fundi wa barabara ana njia mbili za kuilainisha lami. Ya kwanza ni moto: anakoka kuni chini ya pipa mpaka lami ianze kuchuruzika. Ya pili ni mafuta ya taa: lami iliyochanganywa nayo hunyunyizika bila kuchemshwa sana, na ndiyo inayotangulizwa juu ya kifusi kilichoshindiliwa kabla ya tabaka la lami yenyewe. Magharibi mwa Kanada, katika jimbo la Alberta, wahandisi wa mafuta wamebishana kwa zaidi ya miaka thelathini juu ya njia hizo hizo mbili. Tofauti ni kwamba lami yao iko mita mia kadhaa chini ya ardhi, imenasa katikati ya punje za mchanga, na haifikiki kwa koleo wala pipa.

Moto wao ni mvuke wa maji. Mafuta yao ya taa ni gesi nyepesi kama propani na butani, hizi hizi tunazojaziwa kwenye mitungi ya jikoni. Na tangu wazo la kuzitumia lilipozuka, swali moja halijaisha: kiyeyushi kipelekwe chini kikiwa na joto gani? Jibu linalokuja upesi ni kwamba kadiri kinavyokuwa moto ndivyo mafuta yanavyotoka kwa wingi. Hilo ni kweli mpaka mahali fulani, kisha linageuka kuwa uongo kabisa, na mahali linapogeukia ndipo penye jambo lenyewe.

Kwanza tuyaone mafuta. Katika eneo la Athabasca, kuzunguka mji wa Fort McMurray, tabaka la mchanga wenye mafuta lina joto la nyuzi 10 hivi tu. Katika ubaridi huo mafuta huwa na mnato unaozidi wa maji mara milioni moja na zaidi. Hayatiririki, hukaa. Akiba ya Alberta inayohesabiwa kuwa inaweza kutolewa inazidi mapipa bilioni 150, lakini sehemu inayofikiwa kwa kuchimba mgodi wa wazi ni kama moja ya tano. Iliyobaki sharti ilainishwe huko huko iliko. Msomaji wa Afrika Mashariki atakumbuka bomba la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, ambalo limeundwa ili mafuta yabaki na joto la nyuzi 50 hivi njia nzima. Yale ya Uganda ni ugonjwa mwingine. Yana nta, na nta huganda mafuta yakipoa safarini. Ya Athabasca yameganda tangu kwenye mwamba.

Dawa iliyotawala ni mvuke. Roger Butler, alipokuwa na kampuni ya Imperial Oil, alibuni mpango wa visima viwili vya mlalo, kimoja mita kama tano juu ya kingine. Cha juu kinaingiza mvuke wenye nyuzi zaidi ya 200. Mafuta yanalainika na kuteremka kwa uzito wake hadi kisima cha chini, kinachoyavuta. Majaribio yalifanyika kuanzia mwaka 1987 karibu na Fort McMurray, kwenye kituo kilichochimbwa chini ya ardhi kwa kazi hiyo, na mradi wa kwanza wa kibiashara, Foster Creek, ukaanza mwaka 2001. Njia hii inafanya kazi, hakuna anayebisha. Inachokula ndicho kinacholalamikiwa: kwa kila pipa la mafuta, mapipa mawili na nusu hadi matatu ya maji, mara nyingine zaidi, yachemshwe kwa gesi asilia mpaka yawe mvuke. Moshi wa matanuru ya kuchemshia maji hayo ndio unaoyapa mafuta ya Alberta jina baya katika mijadala ya tabianchi.

Butler mwenyewe alitafuta njia ya kuepuka hilo. Akiwa Chuo Kikuu cha Calgary, yeye na Igor Mokrys walipendekeza visima vile vile viwili vibaki, lakini mvuke wa maji upishe mvuke wa haidrokaboni. Waliita njia hiyo Vapex. Kwenye karatasi hesabu ilivutia: hakuna tanuru kubwa, hakuna maji ya kusafisha, na kaboni inapungua sana. Jambo linalosahaulika ni kwamba makala yao ya mwaka 1991 ilizungumzia maji ya moto pamoja na mvuke wa kiyeyushi. Joto lilikuwemo tangu siku ya kwanza. Waliokuja baadaye ndio waliolitoa, wakavutiwa na wazo la kuzalisha mafuta bila kupasha kitu chochote, na Vapex ya baridi ikapelekwa uwandani hivyo. Haikuridhisha. Mpaka leo hakuna uzalishaji mkubwa unaotegemea njia hiyo peke yake.

Kwa nini ilishindwa? Kiyeyushi hakiwezi kulainisha mafuta ambayo hakijayaingia. Kwenye nyuzi 10, molekuli za propani zinajipenyeza ndani ya lami kwa mwendo wa kukatisha tamaa, kwa kuwa ule ule mnato unaotafutiwa dawa ndio unaoizuia dawa isipenye. Mpaka wa mafuta na mvuke unakuwa utando mwembamba mno; chochote kilicholainika ndani yake kinateremka, kisha kazi inaanza upya. Maabarani, katika chombo cha urefu wa sentimita chache, mwendo huo unaweza kuvumilika. Katika kisima cha mita mia kadhaa kinachodaiwa kurudisha mtaji wa mamilioni, hauvumiliki.

Sasa tuongeze joto, na tuangalie mambo matatu yanayotokea kwa pamoja.

La kwanza ni mnato wa mafuta yenyewe, na hapa nyuzi hazilingani thamani. Kupandisha lami ya Athabasca kutoka nyuzi 10 hadi 60 kunaupunguza mnato wake mara mia na zaidi. Kuipandisha kutoka 150 hadi 200, ambazo nazo ni nyuzi 50, kunaupunguza mara tatu hivi. Nyuzi za mwanzo ndizo zenye faida kubwa, na ndizo za bei rahisi pia, kwa kuwa mwamba wenye vuguvugu haupotezi joto kwa majirani zake kama mwamba unaotokota. Anayetegemea mvuke peke yake analazimika kwenda mpaka nyuzi 200 ili mnato wa mafuta ushuke hadi kama mara kumi ya ule wa maji. Mwenye kiyeyushi anaweza kuishia 60 na kuiachia butani kazi iliyobaki, kwa maana athari za joto na za kiyeyushi huzidishana.

La pili ni mwendo wa kupenya. Mafuta yakilegea kwa joto, kiyeyushi kinaingia haraka na ndani zaidi. Kufikia hapa kila kitu kinamuunga mkono anayesema ongeza moto.

La tatu linampinga. Gesi haipendi kukaa ndani ya kimiminika cha moto. Shinikizo likibaki lile lile, ukiupasha mvuke wa butani kupita kiwango chake cha kutonesha, yaani joto ambalo chini yake mvuke unageuka kuwa kimiminika, kiasi kinachokubali kuyeyuka ndani ya mafuta kinapungua, na kinazidi kupungua kadiri unavyoendelea. Karibu kabisa na kiwango hicho butani inatonea juu ya mafuta na kuchanganyika nayo kwa wingi. Nyuzi 40 juu yake, ile ile inapita kama upepo na kuacha kidogo sana. Mtu anayechoma gesi zaidi ili kukipasha kiyeyushi hapo analipia kukifanya kisiyeyushe.

Wapimaji wa maabara walifikia jambo hilo kwa njia tofauti. Katika Chuo Kikuu cha Waterloo, Ioannis Chatzis na wenzake walipeleka mvuke wa kiyeyushi uliopashwa katika vielelezo vya mwamba. Njia hiyo, waliyoiita Vapex ya vuguvugu katika makala ya mwaka 2010, ilifanya vizuri pale mvuke ulipotonea kwenye mpaka wa mafuta, ukaacha joto lake na umajimaji wake mahali pamoja. Katika Chuo Kikuu cha Alberta, Tayfun Babadagli na wanafunzi wake walijaribu propani na butani za moto na wakakuta mavuno makubwa yanapatikana joto likiwa karibu na kiwango cha kutonesha, juu kidogo tu ya hapo. Ukienda mbali nacho, mavuno yanashuka.

Kwa hiyo kuuliza kiyeyushi kiwe na nyuzi ngapi ni kuuliza nusu ya swali. Kinachohesabika ni umbali wake kutoka kiwango cha kutonesha, na kiwango hicho hakikai mahali pamoja, kinafuata shinikizo. Butani katika hewa ya kawaida inatonea kwenye nyuzi sifuri hivi. Ibane hadi zaidi kidogo ya mara sita ya shinikizo la hewa, itatonea kwenye nyuzi 60. Propani inahitaji kubanwa zaidi ya mara ishirini ili itonee kwenye nyuzi hizo hizo 60, na ikishapita nyuzi 97 haitonei tena hata ukiibana namna gani. Pentani na heksani, zilizo nzito zaidi, ziko upande wa pili: katika shinikizo dogo zinatonea zikiwa na joto la kutosha.

Na shinikizo halichaguliwi na mhandisi peke yake. Kuna mwamba wa kifuniko juu ya tabaka, na kina kikiwa kifupi kifuniko hicho hakistahimili kusukumwa. Mei 2006, katika mradi wa Joslyn huko Alberta, mvuke ulipasua njia mpaka juu ya ardhi na kuacha shimo msituni. Baada ya tukio kama hilo hakuna anayepandisha shinikizo kwa kuwa tu mchoro wa propani unamtaka afanye hivyo. Kina kinatoa shinikizo, shinikizo na aina ya kiyeyushi vinatoa joto. Ukiambiwa kampuni fulani imechagua butani, ujue imeshachagua na nyuzi zake.

Hapo ndipo alipoingia John Nenniger, mhandisi wa Calgary, na njia aliyoiita Nsolv. Hakuleta kemia mpya. Alishikilia kanuni moja kwa ukaidi: mvuke wa kiyeyushi uingie ukiwa kwenye kiwango chake cha kutonesha, utonee kwenye ukuta wa mafuta, na joto fiche linaloachiliwa wakati wa kutonea ndilo lipashe mwamba. Tanuru la nyuzi 200 halihitajiki, wala maji.

Tufanye hesabu, kwa sababu inaonyesha uzuri wa wazo hili na kasoro yake kwa pamoja. Mita moja ya ujazo ya mchanga wenye mafuta inahitaji megajuli 2.4 hivi kupanda kwa nyuzi moja. Kuipandisha kutoka 10 hadi 60 ni megajuli 120. Kuipandisha hadi 230 kwa mvuke wa maji ni zaidi ya 520. Akiba ya zaidi ya robo tatu ya nishati, hata kabla ya kuhesabu joto linalopotea kwenye miamba ya jirani. Lakini kilo moja ya butani, ikitonea kwenye nyuzi 60, inaachilia kilojuli 320 tu hivi, wakati kilo ya mvuke wa maji inaachilia zaidi ya 1,800. Kwa hiyo megajuli zile 120 zinadai kilo 370 hivi za butani, ilhali mafuta yaliyomo katika mita hiyo ya mchanga, ukichukua theluthi moja kuwa nafasi kati ya punje na sehemu kubwa ya nafasi hiyo kujaa mafuta, hayafiki kilo 300. Unatumbukiza butani nyingi kuliko mafuta unayoyafuata. Kwa ujazo, kwa kuwa butani ni nyepesi, ni kama mapipa mawili na nusu kwa pipa moja.

Butani hiyo haimalizikii chini. Inateremka na mafuta, inatenganishwa juu, inarudishwa kisimani. Ila kwanza lazima uwe nayo, na kila siku uirudishe karibu yote. Ukipoteza moja ya kumi katika kila mzunguko, umezika robo pipa ya butani kwa kila pipa la lami, na butani ina soko lake. Maji yakipotea mchangani hakuna mhasibu anayekosa usingizi.

Jaribio la uwandani la Nsolv lilianza mwaka 2014 katika eneo la Dover, jirani na kituo kile kile cha chini ya ardhi cha miaka ya 1980, kwa visima vya mlalo vya urefu wa mita 300. Mafuta yalitoka, tena mepesi kuliko lami ya kawaida ya Athabasca. Wepesi huo haukuwa bahati. Kiyeyushi kikichanganyika kwa wingi, asfaltini, ile sehemu nzito kuliko zote, hujitenga na kubaki chini. Propani inaitenga kwa ukali kuliko butani; viwanda vya kusafisha mafuta vinaitumia kwa kazi hiyo hiyo. Kwa muuzaji ni heri, anauza bidhaa safi zaidi. Kwa mwamba ni hatari, maana asfaltini ile ile inaweza kuziba vijia. Na kwa kuwa kwenye kiwango cha kutonesha ndipo kiyeyushi kinapoingia kwa wingi kuliko kwingine, joto linalotoa mafuta upesi ndilo pia linaloachilia asfaltini nyingi. Hapa sioni kanuni ya jumla. Mchanga wenye vijia vipana unastahimili. Mwamba wenye vijia vyembamba unaweza kuziba.

Kizuizi kingine ni kidogo kwa jina na kikubwa kwa athari: methani. Iko ndani ya mafuta tangu zamani, na inatoka yanapolainika. Katika joto na shinikizo hilo haitonei. Inakusanyika ukingoni, mbele ya ukuta wa mafuta, na kila sehemu ya shinikizo inayoishika inaipunguzia butani sehemu yake. Butani ikipungukiwa shinikizo, kiwango chake cha kutonesha kinashuka. Ulidhani ukuta wako una nyuzi 60, kumbe una 40 na unazidi kupoa, na mnato wa lami kwenye 40 ni mara kadhaa ya ule wa 60. Ndiyo maana Nenniger aliusisitiza sana usafi wa kiyeyushi kinachorudishwa chini, na ndiyo maana mtambo wa juu, uliotarajiwa kuwa mdogo, unahitaji vifaa vya kuchuja gesi. Mvuke wa maji nao unaathiriwa na methani, lakini ukiwa na nyuzi 220 una za kupoteza. Wa 60 hauna.

Bei ya mafuta duniani iliporomoka kutoka zaidi ya dola 100 kwa pipa katikati ya 2014 hadi chini ya 30 mwanzoni mwa 2016. Fedha za majaribio zikakauka, na Nsolv haikufika kwenye mtambo mkubwa. Wapo wanaosema soko ndilo lililoiua. Naona soko lilikuta tayari ina jeraha la akiba ya kiyeyushi, lile la hesabu ya juu.

Wengine walishika njia ya kati: mvuke uendelee, kiyeyushi kidogo kiongezwe ndani yake. Katika Baraza la Utafiti la Alberta, timu ya Tawfik Nasr ilionyesha mapema katika miaka ya 2000 kwamba kiyeyushi kinachofaa kuandamana na mvuke ni kile kinachotonea karibu na joto la mvuke wenyewe, na heksani ikashinda katika majaribio yao. Chepesi mno kinabaki gesi na kuzuia joto; kizito mno kinatonea mapema, kabla ya kufika kwenye mafuta. Ni kanuni ile ile ya kutonea mahali panapostahili, imehamia kwenye nyuzi 200.

Wachanganyaji hao walikumbana na jambo ambalo silo la kutarajiwa. Maji na heksani, visivyochanganyika, vikiwa pamoja vinachemka kwenye joto dogo kuliko kila kimoja kikiwa peke yake: katika hewa ya kawaida maji ni nyuzi 100, heksani 69, viwili kwa pamoja 62 hivi. Kwa hiyo kuongeza kiyeyushi kwenye mvuke kunapoza ukingo wa mafuta, kinyume cha alichokusudia mwenye kuongeza. Faida inapatikana tu pale uyeyushaji unapofidia nyuzi zilizopotea na kubakiza ziada. Kiyeyushi kikiwa kingi mno au chepesi mno, ukingo unapoa kiasi cha kula faida yote. Ripoti zinazosema tu kwamba kiyeyushi kimeongeza uzalishaji bila kutaja joto la ukingoni huwa zimeficha nusu ya kisa.

Imperial imekuwa ikijaribu michanganyiko hiyo katika eneo la Cold Lake, Alberta, tangu 2002, na mwaka 2024 ikaanza kutoa mafuta kwenye mradi wa Grand Rapids, inaoueleza kuwa wa kwanza wa kibiashara wa mvuke wenye kiyeyushi, uliokusudiwa kufikia mapipa 15,000 kwa siku. Kampuni inasema kaboni kwa kila pipa inaweza kupungua hadi asilimia 40 ikilinganishwa na mvuke wa kawaida wa Cold Lake. Kwamba kampuni kubwa yenye maabara zake imeishia kwenye kiyeyushi cha moto ndani ya mvuke, badala ya cha vuguvugu bila maji, kunasema mengi. Maji yanabeba joto kwa bei ya chini, na kiyeyushi kinabaki na kazi moja tu ya kuyeyusha. Akiba inayozikwa inapungua.

Nje ya mchanga wa Alberta hesabu inabadilika. Qarn Alam, Oman, mafuta mazito yamo ndani ya chokaa yenye nyufa, na mvuke unaingizwa ili joto lipenye kutoka kwenye ufa kwenda kwenye jiwe. Kiyeyushi kikiingizwa mwamba wa namna hiyo kinakimbilia ufa na kuliacha jiwe. Babadagli alipendekeza kwa miamba ya aina hii zamu tatu: mvuke kwanza ili jiwe lipate joto, kisha kiyeyushi, kisha mvuke tena.

Zamu ya tatu ndiyo inayonivutia, maana haikusudiwi mafuta kwanza. Inakusudiwa kukifukuza kiyeyushi kilichobaki ndani ya jiwe kirudi juu. Joto linalofaa kuingiza butani ndani ya mafuta ni lile la kutonesha. Linalofaa kuitoa ndani ya mabaki ni la juu zaidi, pale inapokataa kukaa ndani ya kimiminika. Ile tabia ya tatu iliyokuwa adui mwanzoni inakuwa mfanyakazi mwishoni. Mradi unaopangwa kwa joto moja tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho utakuwa umekosea angalau nusu ya maisha yake, na katika Grand Rapids takwimu ya kufuatilia miaka ijayo si mapipa ya mafuta kwa siku. Ni mapipa mangapi ya kiyeyushi yaliyoteremshwa yamerudi.